Mada ya Watu Wawili

Foleni ya usajili ilikuwa imezizunguka nguzo za ukumbi wa mapokezi na haikuwa ikisogea. Wauguzi wa saratani kutoka kila pembe ya nchi walibanana pale na mabegi yao, wengine bado na usingizi wa basi machoni, wakisubiri beji na kuponi ya chakula. Mashine ya kuchapa beji ilikuwa imegoma. Kila mara binti wa mapokezi alipoipiga kofi ilitoa beji moja, kisha ikanyamaza tena.

Matone alisimama katikati ya foleni hiyo, amevaa gauni la bluu lenye mikono mirefu na viatu ambavyo alishaanza kuvijutia. Jina la Matone alipewa na wagonjwa wa wodi ya dawa za saratani alikofanya kazi, kwa sababu alikuwa na tabia ya kusimama kando ya dripu akihesabu matone kimyakimya, hata pale ambapo kulikuwa na mashine ya kuhesabu. Hakuziamini mashine, na hii ya beji haikumsaidia kubadili mawazo.

Mbele yake alikuwa mwanamume mrefu mwenye suti ya kijivu iliyombana mabegani. Kwenye paji la uso alikuwa na mstari mwekundu, kama mtu aliyetoka kuvua kofia ya kubana. Zamu yake ilipofika, binti alimtazama mara moja tu, akampa beji ya kijani, ile ya madaktari.

"Mimi ni muuguzi," mwanamume akasema.

"Samahani, daktari," binti akajibu, akaanza kutafuta nyingine.

Matone alicheka kabla hajajizuia. Mwanamume akageuka, akamwangalia bila kukasirika.

"Cheka tu. Wagonjwa wananiita daktari, madaktari wananiita sista."

"Na wewe unaitika wapi?"

"Popote penye chai."

Hapo ndipo binti wa mapokezi aliposoma beji zao akashusha pumzi. Afadhali mmekuja pamoja, aliwaambia. Hotuba za wageni rasmi zilikuwa zimeongezeka asubuhi hiyo, kwa hiyo mada zao mbili zilikuwa zimewekwa katika kipindi kimoja, wagawane muda wenyewe. Matone alihisi joto likimpanda shingoni. Mada yake, ya kuilinda mishipa ya wagonjwa wanaopewa dawa kali, aliiandaa kwa miezi, akiiandika wakati wa mapumziko huku sahani ya chakula ikipoa. Mwanamume naye alikuwa amekuja kuzungumza juu ya wagonjwa ambao dawa zimesitishwa na wanauguzwa nyumbani.

"Si vibaya sana," alisema. "Yako inaishia pale yangu inapoanzia."

"Yangu haiishii popote. Niliambiwa nina kipindi kizima."

Asubuhi yote wageni rasmi walizungumza. Aliyeombwa salamu alitoa hotuba, na aliyeombwa hotuba alizungumza kama mtu asiye na pa kwenda. Wawili hao walipoitwa jukwaani, harufu ya chakula ilikuwa imeshaingia ukumbini na watu walikuwa wanainuka kwa makundi. Fundi wa sauti aliwapa kipaza sauti kimoja tu, vingine alikuwa ameanza kuvifungasha.

Matone aliongea kwa haraka kama anafukuzwa. Mwanamume aliongea taratibu mno, na kila sentensi yake ilimkera Matone kwa jinsi ilivyokula muda. Ndipo akasema kwamba wagonjwa wengi wanamfikia bila kujua kuwa matibabu yamekwisha, wanadhani wamepewa likizo. Matone akamnyang'anya kipaza sauti.

"Wodini tunawaambia," alisema.

"Mnawaambia nini?"

"Tunawaambia waende nyumbani wakapumzike."

Watu wachache wakacheka, kisha wakaacha. Matone naye alikuwa ameisikia sentensi yake kwa mara ya kwanza. Bila kupanga akasimulia habari za fundi cherehani mmoja, mama wa makamo ambaye yeye Matone ndiye aliyemtoa dripu ya mwisho. Alipokuwa akimbandika pamba kwenye mkono, yule mama alimuuliza, kuanzia kesho nani atanishika mkono huu? Matone alikuwa na shahada na vyeti, akakosa jibu. Akamwita mgonjwa mwingine.

Waliokuwa wamefika mlangoni walirudi wakakaa.

Baadaye, wakiwa wanakula chakula kilichokwisha kupoa, Mama Mwenyekiti wa chama chao aliwajia mezani. Alikuwa metroni mstaafu, mfupi, mwenye miwani ya kuning'inia na sauti iliyozoea kunyamazisha wodi. Aliwaambia kwamba mwakani wao ndio watakuwa wazungumzaji wakuu, ukumbi mkubwa, siku ya kwanza. "Ila msiniletee mada mbili zilizoshonwa pamoja," alisema. "Nataka moja. Ya makabidhiano. Mgonjwa anatoka mkono upi, anaingia mkono upi."

Basi wakapeana namba. Matone alimuuliza ule mstari wa usoni umetoka wapi, akaambiwa ni helmeti. Aliwafuata wagonjwa majumbani kwa pikipiki, akipanda vilima na kuvuka madimbwi, na kofia ile ilishamkaa kichwani hata akiwa ameivua. Kazini walimwita Helmeti. Matone alilihifadhi jina hilo kwenye simu kama lilivyo.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa simu, na simu hizo zilikuwa za kuchosha roho. Matone alipokuwa na nafasi, Helmeti alikuwa nyuma ya kilima kisichokuwa na mtandao. Helmeti alipopanda mahali penye mtandao, Matone alikuwa amevaa glavu mbilimbili na dawa nyekundu mkononi, hawezi kugusa simu. Walizoea kuongea vipande vipande. Sentensi iliyoanzwa Jumatatu ilimaliziwa Alhamisi.

Mwanzoni waliongea mada. Walibishana karibu kila kitu. Helmeti alisema wodi zinashikilia wagonjwa mpaka wanaisha, Matone akasema watu wa nyumbani wanakata tamaa mapema. Siku moja alimwambia kwa hasira kwamba yeye Helmeti anapokea watu ambao Matone ameshindwa kuwaponya, na anaona raha gani kumkumbusha. Kisha Helmeti akasema, "Hujashindwa. Umechoka, na hujala."

Ilikuwa kweli hajala. Alicheka, halafu akalia kidogo, na yule mwanamume hakukata simu wala hakusema neno la kumbembeleza. Alimsubiri tu. Kuanzia hapo mada ikawa kisingizio.

Walianza kutaniana. Helmeti alimwita mpenzi wa dripu, Matone akamwita bwana vumbi. Helmeti aliwahi kumtumia picha ya viatu vyake vilivyojaa tope, akaandika chini yake kwamba hivi ndivyo vitakavyokuja kukuposa. Matone alijibu kwamba vioshwe kwanza. Walionana mara chache sana, kwa sababu miji yao ilitenganishwa na safari ya saa nne kwa basi, na mapumziko yao hayakulingana. Mara mbili Matone alifika stendi akaitwa kazini kabla basi halijaondoka. Mara moja Helmeti alifika hadi kwenye geti la hospitali, akakaa naye kwenye benchi la bustani kwa muda wa kunywa chai tu, kisha akapanda basi la kurudi. Mama mdogo wa Matone, aliyekuwa akiishi naye, alisema hajawahi kuona mapenzi ya namna hiyo. "Mwanangu, huyo una uhakika yupo? Maana mimi namsikia tu kama redio."

Kongamano lilipokaribia, Helmeti alilileta jambo zito. Kituo chake kilikuwa kinatafuta muuguzi anayezijua dawa za saratani, wa kufundisha wengine. Alimwomba Matone ahamie kule, waoane, waishi pamoja kama watu.

Matone alimpenda, hilo halikuwa na mjadala. Kilichomuudhi ni kwamba Helmeti alishapanga kila kitu, chumba, kazi, hata mahali pa kuweka kabati, kabla ya kumuuliza. Wodi yake angemwachia nani? Mama mdogo je? Akasema ampe muda afikirie.

"Fikiria," Helmeti akajibu, na sauti ilikuwa imepungua nguvu.

Wiki hiyo hiyo wauguzi wawili wa wodi ya dawa waliugua kwa pamoja. Matone akafanya zamu yake na ya wenzake, akirudi nyumbani miguu imevimba, analala na nguo za kazi. Simu za Helmeti aliziona zimepita, akasema atapiga kesho, na kesho nayo ikawa hivyo hivyo. Metroni wa hospitali yake alimwita ofisini akamwambia ruhusa ya kongamano imefutwa. Matone alibisha mpaka sauti ikamkauka. Metroni, ambaye naye alikuwa hajalala vizuri, alimjibu kwamba mada zinaweza kusubiri lakini dripu haziwezi, kisha akapiga simu kwa chama kusema muuguzi wake haji.

Matone alimpigia Helmeti palepale. Namba haipatikani. Alipiga tena jioni, ikawa vile vile. Helmeti alikuwa vilimani kwa mgonjwa mmoja. Aliporudi kwenye mtandao, simu ya kwanza kuingia ilikuwa ya Mama Mwenyekiti, ikimwambia kwamba mwenzake amejitoa na mada ataibeba peke yake.

Alikaa juu ya pikipiki yake kando ya barabara, simu mkononi. Ameomba muda wa kufikiria, alijiambia, na hili ndilo jibu. Hata kunitamkia mwenyewe ameshindwa. Taarifa za simu alizokuwa amepigiwa na Matone hazikumfikia, mtandao wa kule ulikuwa unazimeza. Lakini namba aliijua kwa kichwa. Kidole chake kilikuwa juu ya jina. Hakubonyeza. Aliirudisha simu mfukoni, akawasha pikipiki kwa teke moja la nguvu kuliko ilivyohitajika.

Matone hakukubali kushindwa. Aliwaangukia wenzake mmoja mmoja, akauza sikukuu zake zote za mwaka huo kwa kubadilishana zamu, mpaka metroni alipoona nafasi zote zimejazwa akasema kwa shingo upande, nenda. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, akaona hakuna haja ya kumpigia Helmeti, atamshtua ana kwa ana. Alivaa gauni jipya la rangi ya zambarau alilolishonesha kwa siku hiyo, akapanda basi la alfajiri. Basi likaharibika njiani. Alifika ukumbini jasho limemtoka, nywele zimelala upande mmoja, akasukuma mlango wa nyuma.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye ngazi. Kwenye skrini kubwa kulikuwa na slaidi zake, zile alizozitengeneza mezani kwa mama mdogo. Jukwaani alisimama Helmeti, suti mpya, ananyoosha mkono.

"Mgonjwa wangu mmoja, fundi cherehani," alikuwa anasema, "aliniuliza, kuanzia kesho nani atanishika mkono huu? Sikuwa na jibu."

Watu walikuwa wanafuta machozi. Mgonjwa wangu, alisema. Aliniuliza, alisema. Matone aligeuka akatoka kabla ya makofi. Mezani pa usajili hakuchukua hata beji. Alirudi stendi akapanda basi la kwanza lililokuwa linaondoka, akiwa amesimama sehemu kubwa ya safari.

Helmeti alipata habari kutoka kwa binti wa mapokezi, ambaye alimuuliza kama yule dada wa zambarau alimpata, maana aliulizia ukumbi wake akatoka mbio. Alimkumbuka tangu mwaka uliopita. Helmeti akaanza kupiga simu akiwa palepale, watu wanampongeza mgongoni, yeye anaitikia bila kujua anaitikia nini.

Matone hakupokea siku hiyo, wala zilizofuata. Alipopokea ilikuwa mchana, kwenye chumba cha kuhifadhia mashuka.

"Niliambiwa umejitoa," Helmeti alianza.

"Na nani?"

"Na Mama Mwenyekiti."

"Mimi na Mama Mwenyekiti nani mpenzi wako?"

Helmeti akajieleza. Alisema kuhusu kilima, mtandao, kuhusu kimya chake Matone tangu alipomwomba wahamie pamoja. Matone alisikiliza mpaka mwisho.

"Una simu," alisema. "Ulikuwa na muda wa kushona suti. Ungeuliza swali moja tu, je, ni kweli? Hukuuliza. Halafu ukamchukua mgonjwa wangu ukamfanya wako."

"Nilitetemeka pale jukwaani. Ulimi uliteleza."

"Hata makofi uliyapokea kwa kuteleza?"

Akakata. Helmeti alipiga tena na tena, kisha akaona anageuka kero, akaacha. Badala yake alimpigia Mama Mwenyekiti, akamweleza kwamba kisa kile na nusu ya mada ni vya Matone, na kwamba mwaliko wa kwenda kuirudia mada katika vyuo vya uuguzi hataupokea peke yake. Mama Mwenyekiti akampigia Matone kumpa pole na kumsifia kijana. Alidhani anapatanisha. Matone alizidi kuchukia. Kwa nini kila mtu anaelezwa isipokuwa mimi, alimuuliza mama mdogo huku akikata vitunguu kwa vishindo. Mama mdogo alisema yeye hajui, ila hivyo vitunguu havikumkosea kitu.

Miezi ikapita hivyo, mibaya na ya kawaida.

Kisha akaja Mwalimu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye saratani ya koo la chakula, mkali, mcheshi, aliyekuwa akihesabu matone pamoja na Matone na kumsahihisha. Siku daktari aliposema dawa hazisaidii tena, Mwalimu alimgeukia Matone akamuuliza ukweli wa mambo kwa kunong'ona, kwa sababu sauti ilikuwa imeshaondoka. Matone hakumwambia aende akapumzike. Alivuta kiti, akamwambia, na akamwambia pia kwamba atamtafutia mtu.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa kijijini, ndani ya eneo la kituo cha Helmeti. Hakukuwa na muuguzi mwingine wa majumbani upande ule. Matone alikaa na simu muda mrefu, akaibonyeza namba kama anayegusa jiko la moto.

"Nina mgonjwa wa kukukabidhi," alisema bila salamu.

"Nasikiliza," Helmeti akajibu. Alisimamisha pikipiki, na Matone alisikia injini ikizimwa.

Alimweleza yote kama wanavyoelezana wauguzi, ugonjwa, maumivu, kipimo cha mofini, mrija wa kulishia, mke ambaye hujifanya hana hofu. Helmeti aliuliza maswali mazuri. Hakuingiza neno lingine. Mwishoni alisema ataenda leo, na akaenda. Jioni alipiga kutoa taarifa. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Ikawa desturi ya kazi, simu fupi, kavu, na wote wawili walipokata walibaki wameishika simu.

Mke wa Mwalimu hakuwa kipofu. Alimuuliza Helmeti huyo sista ana nini, mbona ukiongea naye unasimama wima kama uko mbele ya hakimu. Helmeti alisema aliwahi kumkosea. "Basi mwombe radhi ukae," mama yule alisema, na kumpa beseni amwage maji.

Wiki mbili baadaye Mwalimu alizidiwa. Matone alikuwa na siku ya mapumziko, ya kwanza baada ya muda mrefu. Alimwambia mama mdogo anaenda kumwona mgonjwa. Mama mdogo alimtazama gauni, akasema mgonjwa amebahatika.

Alifika mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa uani. Ndani, Helmeti alikuwa peke yake akijaribu kubadilisha shuka huku Mwalimu amelilalia. Matone hakusema kitu. Alivua saa, akazunguka upande wa pili wa kitanda, akaweka mikono chini ya bega na nyonga ya mgonjwa. Helmeti akahesabu, wakamgeuza pamoja bila kumuumiza. Walifanya kazi kwa kimya mpaka ilipokwisha, midomo ya mgonjwa ikapakwa mafuta, dawa ikapita kwenye mrija, uso wake ukalegea. Mwalimu aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, akafumba macho.

Walitoka kunawa bombani nyuma ya nyumba. Maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo.

"Nilikosa," Helmeti alisema. "Ulimi haukuteleza. Nilikuwa na hasira na wewe, nikajua ukitajwa nitashindwa kuendelea, nikasema mgonjwa wangu. Na siku ile barabarani simu ilikuwa mkononi. Niliona kukukasirikia ni rahisi kuliko kukuuliza, maana ningekuuliza ungeweza kusema kweli sikutaki."

Matone aliendelea kusugua mikono iliyokwisha kutakata.

"Haya ndiyo niliyokuwa nayataka," alisema. "Tangu siku ile. Si Mama Mwenyekiti, si vyuo. Haya."

"Ulikuwa hupokei simu."

"Nilikuwa nimekasirika. Ungekuja."

"Ningekuja ungenifukuza."

"Ningekufukuza, ndiyo. Halafu ungekaa kwenye benchi."

Helmeti alitaka kucheka, akajizuia, akaogopa kuharibu. Matone akamwambia na lake. Kwamba naye alimnyamazia wiki nzima kwa sababu alishindwa kusema wazi kwamba mpango wake wa kumhamisha ulimuudhi. Alihisi kama kabati linalotafutiwa kona. Kwamba ana mama mdogo, ana wodi, na hajawahi kuulizwa anataka nini.

"Unataka nini?"

Matone akafikiri. Maji yakaacha kutoka kabisa.

"Nataka unioe," alisema mwishowe. "Lakini mimi sihamii kwako, na wewe usihamie kwangu ukawaacha hawa. Sijui tutafanyaje. Inaniudhi kwamba sijui."

"Na mimi sijui."

"Basi angalau tujue hivyo pamoja."

Mke wa Mwalimu aliwaita kutoka dirishani, akiuliza kama kunawa mikono ndiko kumekuwa kazi siku hizi. Helmeti alikuwa bado na wagonjwa wa kuwaona juu ya kilima. Matone alimwambia aende, yeye atakaa na Mwalimu. Alikaa kitini kando ya kitanda mchana wote, akimlowanisha midomo, akimshika mkono ule uliochomwa sindano nyingi. Mkewe alisimulia jinsi Mwalimu alivyomposa kwa kumfundisha kugawanya. Helmeti aliporudi jua likielekea kuzama, alimkuta Matone amesinzia pale pale, mkono wa mgonjwa ukiwa ndani ya mkono wake. Hakumwamsha. Alivuta kigoda akakaa.

Mwalimu alifariki Jumamosi iliyofuata, nyumbani, bila maumivu, mkewe akiwa kando yake. Helmeti alimpigia Matone kabla ya mtu mwingine yeyote.

Walioana baadaye mwaka huo, siku ya Jumanne, kwa sababu ndiyo siku pekee ambayo zamu zote mbili zilikubali. Walipanga nyumba katika mji mdogo ulio katikati ya njia, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyepapenda. Kila asubuhi basi lilimchukua Matone upande mmoja na pikipiki ikamchukua Helmeti upande mwingine, na wote wawili walilalamika juu ya umbali. Mama mdogo alihamia nao, akalalamika kuliko wote.

Siku ya harusi, wakiwa wamepangwa kwa picha, simu ya bibi harusi iliita kutoka kwenye mkoba wa mama mdogo. Mpiga picha alimwomba aiache. Bwana harusi, aliyemjua mkewe, aliichukua mwenyewe akamwekea sikioni, kwa kuwa mikono ya bibi harusi ilishika maua. Ilikuwa simu ya nesi wa zamu wodini. Matone alisikiliza, akauliza dripu imeanza saa ngapi, mkono umevimba au haujavimba, akaeleza la kufanya. Halafu akamwambia yule nesi asikate, ayarudie maelekezo hayo polepole, na mpiga picha akaweka kamera chini akatafuta kiti.